Muhuri Umefungiwa, Ufunguo Uko WhatsApp

Ingia ofisi yoyote pale Dar es Salaam, omba muhuri. Utaambiwa uko kwa bosi, kwenye droo, na droo ina kufuli. Sasa omba faili la ufunguo wa kutuma arifa za programu yao ya simu. "Ngoja nikurushie WhatsApp." Na kweli, linafika chai haijapoa.

Mimi nilirushiwa kwenye kundi zima, humo akiwemo kijana aliyeacha kazi zamani. Hakuna aliyeshtuka.

Jamani! Fungueni hilo faili la JSON mnalopewa na Firebase, huduma ya Google ya kutuma arifa. Mstari wa private_key ndio muhuri wenyewe. Anayeushika anaweza kumfikia kila mteja wako, kwa jina lako na nembo yako. Watu wameshazoea kuicheka SMS ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Nani atacheka ikitokea ndani ya programu ya benki yake?

Wengine hulifungasha faili ndani ya programu yenyewe. APK, faili la programu ya Android, ni zipu tu! Mtoto wa sekondari anaifungua. Kutuma arifa ni kazi ya seva, na ufunguo ukae huko huko. Wengine hujitetea: "Tulishalifuta kwenye Git." Git haisahau: hutunza kila toleo la zamani. Batilisha ufunguo, toa mwingine.

Mwaka 2024 Google ilianza kuzima njia ya zamani ya kutuma arifa, iliyotegemea ufunguo mmoja wa kudumu. Siku hizi faili huombea tokeni inayokufa baada ya saa moja. Ni kinga nzuri, ila haimsaidii aliyegawa faili: mwizi atajipatia tokeni mpya kila saa, mpaka achoke. Ufunguo wa .p8 wa Apple, wa arifa za iPhone, nao huupakui mara mbili, hauna tarehe ya kuisha, na mmoja waweza kuhudumia programu zako zote. Huo ndio mnaouacha kwenye kompyuta ya fundi wa mkataba?

Msiniambie ninyi ni wadogo na mna haraka. Kumpa mtu mmoja dhamana ya ufunguo hakugharimu hata shilingi. Akiondoka, ubadilishwe siku hiyo hiyo, kama kitasa cha nyumba.

Mkishindwa, basi toeni na muhuri, muuanike mapokezi. Atakayeuiba huo, angalau atagonga karatasi mojamoja.