Saa Sabini na Mbili

Haupiti msimu hapa Visiwani pasipo kijana, na mara nyingine mtu mzima mwenye nyumba yake, kujikuta katika hali asiyoweza kumsimulia hata nduguye. Alikuwa dago, au katika kambi ya karafuu, au alilala mjini akingojea meli; amekutana na mtu ambaye hali yake ya afya haijui, na sasa kumekucha. Hofu aliyo nayo ni ya haki. Linalotusikitisha ni kwamba hofu hiyo, badala ya kumpeleka hospitali, humpeleka dukani kununua vidonge vinne vya rangi mbili na kuvimeza kwa siri.

Vidonge hivyo humdanganya. Kisonono cha leo si kile walichokijua wazee wetu; kimekwisha kuizoea penisilini na dawa nyingine kadhaa, na dozi isiyotimia huzidi kukikomaza. Kwa wanawake wengi hakioneshi dalili yoyote, mpaka siku inapotafutwa sababu ya utasa. Kaswende nayo, ambayo wazee waliiita sekeneko, huanza kwa kidonda kisichouma, aghalabu baada ya wiki 3 hivi, na kidonda hicho hupona chenyewe. Mgonjwa hushukuru, kumbe maradhi yamebaki damuni, na mkewe akishika mimba hata mtoto hasalimiki. Na hali sindano ya penisilini bado inaitibu kaswende!

Kuhusu virusi vya Ukimwi, jambo ambalo wananchi wengi hawajaambiwa vya kutosha ni hili: ipo dawa ya kuzuia virusi visifanye makao mwilini, lakini sharti ianzwe ndani ya saa 72, na bora zaidi ianzwe siku ile ile, kisha imezwe kwa siku 28 bila ya kukatisha. Saa 72 ni siku 3 tu. Mtu aliyekutwa na jambo hilo Ijumaa usiku, akaambiwa arudi Jumatatu asubuhi, amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya muda wake, hata kama hakuna aliyemkatalia.

Wapo pia wanaokimbilia kupima siku ya pili, wakapata jibu jema na kurudi majumbani wakitembea kwa maringo. Jibu hilo linaeleza yaliyopita zamani, si ya juzi. Vipimo vya haraka vilivyo vingi hutafuta kinga ambayo mwili hujitengenezea dhidi ya virusi, na kinga hiyo huweza kuchukua hadi miezi 3 kuonekana. Kupima mapema kuna faida yake, lakini lazima kurudiwe. Na katika muda huo mtu ajizuie au atumie kondomu, hata na mkewe. Tunajua kwamba hapo ndipo penye uzito.

Tangu wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi walipogunduliwa Zanzibar mwaka 1986, kiwango cha maambukizo miongoni mwa wananchi kwa jumla kimebaki chini ya asilimia 1. Ni sifa kwetu, ila imewafanya wakubwa wengine kujisahau. Katika kisiwa, karani wa dirishani huwa shemeji wa jirani. Jina likiitwa kwa sauti mbele ya benchi lililojaa watu, mwenyewe harudi tena, wala wenziwe hawaji. Masheikh wana wajibu wao wa kukataza zinaa, nasi hatuwaingilii. Mwuguzi hakuajiriwa kwa kazi hiyo.

Tunaiomba Wizara ya Afya ihakikishe kwamba dawa hiyo inapatikana usiku na mchana, siku za kazi na za mapumziko, katika hospitali za wilaya za Unguja na Pemba, na kwamba wafanyakazi wa zamu wanaelewa kuwa si ya mwuguzi aliyechomwa sindano au mwanamke aliyebakwa peke yao. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kutoa mwongozo huo tangu 2014. Chumba cha kupimia kiwe na mlango unaofungika. Wapimaji wafike madago wakati wavuvi wapo, si baada ya kuondoka. Na katika bandari za Malindi na Mkoani pabandikwe tangazo, kwa maandishi makubwa, linaloeleza dawa hiyo inatolewa wapi na nani yuko zamu usiku.