Msimbo si Swichi: Dhidi ya Istilahi Inayosoma kwa Niaba ya Mhakiki

Katika tahakiki za fasihi ya Kiswahili nchini Kenya, ni vigumu kupata istilahi inayotumikishwa sana na kuzaa matunda machache kuliko "kubadili msimbo". Mhusika akitamka neno la Kiingereza, amebadili msimbo. Mshairi akitumia neno la Kiarabu, amebadili msimbo. Mtunzi wa Mombasa akiandika Kimvita, naye pia, yasemekana, amebadili msimbo. Kisha hufuata orodha ya dhima: kusisitiza, kuonyesha usomi, kujitambulisha na kundi, kuwatenga wengine. Orodha ni ileile, awe anayehakikiwa ni malenga wa karne ya 19 au mchekeshaji wa redioni. Makala haya yanashikilia kwamba kasoro hii haitokani na uvivu wa wahakiki pekee. Imo ndani ya istilahi yenyewe.

Istilahi hiyo ni tafsiri ya "code-switching", na uzito wake umo katika neno la pili. "Switch" ni kifaa cha kuwashia na kuzimia taa. Ni pia kile cha kuligeuzia garimoshi njia. Waswahili wamekwisha kulikopa wakalifanya swichi, na kila mtu anajua kwamba taa ama imewaka ama imezima. Uriel Weinreich, katika kitabu chake cha mwaka wa 1953 kuhusu mgusano wa lugha, alimsawiri mjuzi kamili wa lugha mbili kuwa mtu anayehama kutoka lugha moja hadi nyingine pale hali ya mazungumzo inapobadilika, lakini si ndani ya sentensi moja. Kwa mujibu wa picha hiyo, anayechanganya katikati ya sentensi ana swichi iliyolegea. Wanaisimu waliofuata waliikanusha hukumu hiyo, ila neno wakalibakiza. Na uhakiki wa fasihi ukalipokea pamoja na kivuli chake.

Ichukuliwe kauli ya kawaida ya Nairobi: "ameni-disappoint". Kiambishi cha nafsi ni cha Kiswahili, cha wakati ni cha Kiswahili, cha mtendwa vilevile. Mzizi peke yake ndio mgeni. Je, msemaji amehama kutoka wapi kwenda wapi? Hakuna kilichozimwa hapo. Kiswahili kimempokea mgeni na kumvisha kanzu ya mwenyeji, kama kilivyofanya zamani kwa "kufikiri" na "kusafiri", ambazo asili yake ni Kiarabu. Carol Myers-Scotton, ambaye kazi zake za mwaka wa 1993 zilitumia sana mifano ya Nairobi, alikwisha kueleza kwamba katika mazungumzo ya namna hii ni mtindo mzima wa kuchanganya unaobeba maana ya kijamii, wala si lazima kila badiliko liwe na maana yake. Ajabu ni kwamba wahakiki wanaomtaja ndio haohao wanaolitafutia kila neno dhima, mfano wa mtu anayehesabu kuku jioni.

Hasara yake huonekana zaidi kazi ya fasihi inaposomwa. David Maillu alichapisha *Without Kiinua Mgongo* mwaka wa 1989. Kitabu kinachochanganya lugha tangu jaladani hakiwezi kusemwa kuwa kinabadili msimbo, kwa kuwa hakina lugha ya kwanza ya kuiacha. Swali lenye manufaa ni jingine. Kwa nini neno la kunyima liwe la Kiingereza, na kinachonyimwa kiwe cha Kiswahili? Kiinua mgongo ni malipo ya mwisho ya mtu aliyetumika. Neno lenyewe linakiri kwamba mgongo umeinama. Kiingereza kinatangulia, na kazi yake ni kuondoa. Kuhesabu misimbo hakumfikishi msomaji hapo.

Kwa Abdilatif Abdalla kosa ni kubwa zaidi. Mashairi ya *Sauti ya Dhiki*, yaliyochapishwa mwaka wa 1973, aliyatunga kifungoni kati ya 1969 na 1972, kwa Kimvita. Anayedai kwamba hapo msimbo umebadilishwa anachukulia kwamba mshairi alianzia katika Kiswahili sanifu kisha akatoka. Hakuanzia huko. Muyaka bin Haji alikuwa amekwisha kutunga kwa Kimvita na kufariki takriban miaka 90 kabla ya mkutano wa 1928 uliokichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, tena katika mji huohuo wa Mombasa. Istilahi inamgeuza mwenyeji kuwa mhamiaji nyumbani kwao.

Huenda ikasemwa kwamba pasipo istilahi uhakiki utarudi kwenye maoni matupu. Hoja hiyo ina uzito, na wala hapa haipendekezwi istilahi itupwe. Yapo mageuko halisi. Karani anapoulizwa kwa Kiswahili na bibi kizee, akajibu kwa Kiingereza, lugha imegeuzwa kweli, na mlango umefungwa. Hapo istilahi inastahili, mradi mhakiki aseme pia ni nani aliyefungiwa nje.

Wanaoumia zaidi ni wanafunzi. Kijana wa Eastlands akichanganya lugha katika insha, hukatwa alama kwa kosa la kuchanganya ndimi. Akifika chuo kikuu, hufundishwa kwamba jambo lilelile, likifanywa na mwandishi mwenye jina, ni mbinu. Istilahi isiyotofautisha haimpi njia ya kuuliza kwa nini. Humwachia tu funzo kwamba usemi wa kwao ni kosa hadi utiwe sahihi ya mtu mkubwa. Idara za Kiswahili zingeweza kuanza na sharti dogo: kila tasnifu inayotaja kubadili msimbo ieleze msimbo umebadilishwa kutoka upi, kwenda upi, na kwa sikio la nani. Pasipo majibu hayo, sentensi hiyo ifutwe, na matini yasomwe upya.