Daftari la bei likihamia mtandaoni, nani alishike?

Juma lililopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Diani. Amepewa kazi ya ununuzi katika nyumba za wageni, na mezani ana mapendekezo matatu ya katalogi za mtandaoni. "Mjomba, wote wanasema wao ndio rahisi. Nichukue ipi?"

Nilimwambia anipe siku moja. Nilisomea ugavi na nikashika stoo ya hoteli miaka kadhaa, kwa hivyo najua swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Sisi watu wa Pwani hatuna sababu ya kuogopa daftari. La kuuliza ni daftari hilo litakaa kwa nani.

Aina ya kwanza hukaa kwa muuzaji. Unaingia kwenye tovuti yake, unachagua bidhaa, kisha kapu linarudi katika mfumo wako ili mkubwa aidhinishe na LPO itoke. Bei ni ya leo, na kazi ya kuibadilisha ni ya muuzaji. Lakini kila muuzaji ana mlango wake, kwa hivyo kulinganisha bei ni kazi. Tena anayeweza kujenga tovuti ya namna hiyo ni kampuni kubwa.

Aina ya pili hukaa kwa mnunuzi. Wauzaji wanakuletea orodha zao, hata kwa jedwali la Excel, nawe unaziingiza katika mfumo wako kwa bei mliyokubaliana. Hapa unalinganisha bei zote kwa pamoja. Hata mzee anayeleta nazi kutoka Kongowea, asiye na kompyuta, anaweza kuingizwa. Ubaya wake ni kuwa isipotunzwa inaoza. Yalinikuta mwenyewe. Katalogi yetu ilikuwa na bei ya mafuta ya kupikia ya msimu uliopita. Tulitoa LPO, msambazaji akakataa kuleta kwa bei hiyo, na wageni walikuwa wamejaa. Nilikimbia dukani na pesa taslimu, nikanunua kwa bei ya juu kuliko ile aliyoitaka yeye.

Aina ya tatu ni soko la pamoja linaloendeshwa na mtu wa kati. Wauzaji wengi wako pahali pamoja na unaanza kununua upesi. Lakini mwenye soko ana chake: huenda akamtoza muuzaji ada au kamisheni, na yeye ndiye anayeamua nani aonekane juu na nani azikwe chini. Rekodi za ununuzi wako pia ziko kwake. Siku ukitaka kuhama, utajua.

Jambo hili halihusu nyumba za wageni peke yake. Mwaka 2025 Wizara ya Fedha ilianza kuzisukuma idara za serikali na kaunti kununua kupitia mfumo mmoja wa kielektroniki. Magavana walilalamika na suala likafika mahakamani. Wengi walibishana kuhusu Nairobi na ugatuzi. Mimi namfikiria mama wa Likoni mwenye kampuni ndogo ya kusambaza chakula. Sheria inamtengea nafasi: asilimia 30 ya ununuzi wa serikali ni ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Lakini asilimia hiyo haimfai kitu ikiwa bidhaa zake hazionekani kwenye katalogi. Uwazi ni mzuri na wizi wa zabuni tumeuchoka, ila mlango wa uwazi uwe na upana wa kupita mdogo pia.

Basi nilimjibu mpwa wangu hivi. Samaki, mboga, nazi na matunda, ambavyo bei yake hupanda na kushuka na wauzaji wake ni majirani zetu, aviweke katika katalogi yake mwenyewe. Kila bei iandikwe tarehe ya mwisho, na kila Jumatatu mtu mmoja aliyetajwa kwa jina azikague. Sabuni, balbu na karatasi, ambavyo ni vilevile popote, anaweza kununua kwenye soko la pamoja, bora mkataba useme wazi kuwa rekodi zake atapewa zote akiondoka. Tovuti ya muuzaji aitumie kwa vitu vya kitaalamu tu, kama vipuri vya friji na mashine za kufulia.

Kwa wauzaji wetu wadogo nina neno moja. Andikeni orodha: jina la bidhaa, kipimo, bei, na siku za kuleta. Jisajilini eTIMS, kwani tangu Januari 2024 mnunuzi asiye na ankara ya eTIMS kwa kawaida hakubaliwi gharama hiyo anapokokotoa kodi yake. Mnunuzi atakukimbia kwa sababu hiyo, hata kama nazi zako ni tamu kuliko za wengine.

Mpwa wangu aliuliza swali la mwisho: "Na yule mzee wa nazi, nani atamwandikia orodha?" Nikamwambia, wewe. Dakika 10 tu, naye abaki sokoni.