Mtihani wa Utamilifu si Hukumu

Liko jambo moja ambalo kila mwaka hututia huzuni sisi tulio walimu wa Tarime na Serengeti, wala hatuwezi kulinyamazia tena. Jambo hilo ni namna tuutumiavyo mtihani wa utamilifu wa Kidato cha Nne, ambao watoto wetu huuita moko. Mtihani huu kwa kawaida hufanywa mwezi wa Julai au Agosti, ili mtoto ajipime kabla ya mtihani wa taifa wa mwezi wa Novemba. Umewekwa uwe kioo. Nasi tumeugeuza kuwa rungu.

Tazameni yatendekayo. Baba mmoja alikuja shuleni kuyasoma matokeo ukutani, akaona binti yake amepata sifuri. Hakuuliza amekosa wapi, wala hakuomba kuonyeshwa karatasi hata moja. Alisema, "Mwalimu, ninyi wenyewe mmenionyesha ya kuwa huyu hana akili ya kitabu. Basi acheni aolewe, ng'ombe waingie bomani." Na mvulana aliyepata sifuri kama yeye akaenda Nyamongo kuokota mawe ya dhahabu. Novemba ilipofika, viti vyao viwili vilikuwa vitupu. Je, ni nani aliyewafukuza? Si Baraza la Mitihani la Taifa, kwa maana hilo lilikuwa halijawapima bado. Tuliowafukuza ni sisi.

Haya, na tuihesabu hiyo sifuri tuone ukubwa wake. Alama D huanza kwenye 30 kwa mia, na chini yake ni F. Daraja la mtoto huhesabiwa kwa masomo 7 aliyoyafanya vizuri kuliko mengine. Kila F ni pointi 5, na kila D ni pointi 4. Mwenye F saba ana pointi 35, naye ni sifuri. Akizigeuza F mbili tu kuwa D, ana pointi 33, nalo ni daraja la nne. Basi mtoto aliyepata 24 katika Kiswahili na 26 katika Jiografia amepungukiwa na alama 10 tu! Hatusemi kwamba daraja la nne latosha, kwa maana atakaye kuingia Kidato cha Tano hana budi kupata C, yaani 45 au zaidi, katika masomo matatu. Lakini apandaye mlima huanzia chini.

Wengine watatujibu, "Aliyeshindwa Julai atashindwa na Novemba." Twawaomba wazifungue karatasi zenyewe. Mtoto huyu alifundishwa kwa Kiswahili miaka saba ya shule ya msingi, kisha katika sekondari akaulizwa kwa Kiingereza karibu masomo yote. Akiambiwa alinganishe, yeye ataja. Akiambiwa aeleze, yeye aorodhesha. Mwingine alimaliza saa nzima katika swali la kwanza, la mwisho akaliacha tupu. Mwingine, wa vijiji vilivyo kando ya hifadhi ya Serengeti, alikesha akilinda mahindi yasiliwe na tembo, akaja kusinzia juu ya karatasi. Haya yote si upungufu wa akili. Ni maradhi yenye dawa, na miezi mitatu yatosha kuanza kuyatibu.

Tena tukumbuke mtihani wa taifa wa mwaka 2012. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa wa nchi nzima walikuwa wamepata sifuri, hata serikali ikaunda tume, na matokeo yakapangwa upya. Je, tulisema kwamba nusu ya watoto wa Tanzania hawana akili? La, tuliuliza mafundisho yetu yana kasoro gani. Mbona basi mtoto mmoja akipata sifuri hatuulizi vivyo hivyo?

Nasi walimu tusijifiche nyuma ya wazazi. Wako kati yetu wasomao majina mbele ya shule nzima ili wa mwisho aaibike, kisha karatasi wakazifungia kabatini zisionekane tena. Wako wamwambiao mtoto dhaifu abaki nyumbani, wastani wa shule usiharibike. Hiyo ni kumtoa mgonjwa hospitalini ili isemwe kwamba hospitali haina wagonjwa. Na ninyi wanafunzi mnaotafuta karatasi zilizovuja, mwajidanganya nafsi zenu. Alama mliyoiiba Julai haitawafuata Novemba.

Wazazi, ninyi mwajua ng'ombe. Ndama akikonda, je, huchinjwa siku ile ile? Hutazamwa macho, hupimwa joto, hutafutiwa dawa. Mbona mwana hapewi subira apewayo ndama? Ada ya shule za serikali imeondolewa tangu mwaka 2016, tangu Kidato cha Kwanza hata cha Nne. Amwondoaye mtoto mwezi wa Agosti haokoi ada yo yote. Na sheria iliyorekebishwa mwaka huo huo yasema kwamba amwoaye mwanafunzi aweza kufungwa miaka 30. Hao ng'ombe ni wa hatari.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Mwalimu amrudishie kila mtoto karatasi yake, akae naye, amwonyeshe kosa kwa kosa. Mzazi aje shuleni aulize, "Amekosa wapi?" asiulize, "Ameshindwa?" Tena ampe mtoto taa na saa mbili za jioni, na kazi ya kulinda shamba waichukue watu wazima mpaka Novemba ipite. Na mtoto mwenyewe aandike upya kila swali lililomshinda. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na koleo lililovunjika mwezi wa Julai, mhunzi aweza kulitengeneza kabla ya siku ya kazi kubwa, ikiwa hatutamfukuza kiwandani.