Kodi haijawahi kujaza nyumba watoto

Ndugu mwandishi, hoja yako ya kuwatoza kodi wasio na watoto umeipanga vizuri, lakini historia inakupinga. Umoja wa Kisovieti ulianza kutoza kodi hii Novemba 1941, vita ikiwa imepamba moto: baadaye ilifikia asilimia 6 ya mshahara kwa wanaume wasio na watoto wa miaka 20 hadi 50, na wanawake walioolewa wa miaka 20 hadi 45. Ilidumu miongo kadhaa, na familia za Urusi zilizidi kuwa ndogo. Italia ya Mussolini iliwatoza makapera tangu 1927. Nako uzazi ulishuka.

Kinachoniuma zaidi ni waliotamani mtoto wakakosa. Wasovieti waliwasamehe wenye maradhi, ndiyo, lakini msamaha wa namna hiyo haupatikani bila cheti cha daktari. Hebu mfikirie mwanamke ambaye mimba zake zimeharibika mara kwa mara, amepanga foleni kumthibitishia karani kwamba hawezi kuzaa! Huo ni udhalilishaji. Na tayari analipa kodi inayosomesha watoto wa wenzake, tena pengine analea yatima wa marehemu dada yake.

Serikali inayotaka watoto ianze na likizo ya uzazi yenye malipo, chekechea za bei nafuu na nyumba ambazo vijana wanazimudu.