Ng'ombe Walikuwa Mashahidi: Mahari ya Kisukuma Katika Ukanda wa Dhahabu

Miaka michache iliyopita niliketi upande wa waoaji katika mazungumzo ya mahari, kijijini, si mbali na Shinyanga mjini. Bwana harusi alikuwa mchimbaji mdogo huko Geita, na duara lao lilikuwa limetoa mawe mazuri msimu ule. Wazee wa binti walianzia ng'ombe 15, wakashushwa kwa hoja na kwa mzaha hadi 10. Hapo kijana akatoa simu mfukoni, akaomba namba ya baba mkwe ili ng'ombe wathaminishwe kwa fedha na shughuli imalizike jioni ileile. Mjomba wa binti, ambaye alikuwa kimya tangu asubuhi, akasema, “Mwanangu, fedha ya simu haina rangi wala pembe. Siku mambo yakiharibika, nitamwonyesha nani?” Watu wakacheka. Fedha ikatumwa, ndoa ikafungwa.

Nimeirejea kauli ile mara nyingi darasani, kwa kuwa wanafunzi wangu, hasa wanaharakati miongoni mwao, huja na hukumu iliyokwisha kuandikwa: mahari ni ununuzi wa mwanamke, basi ifutwe. Siwalaumu. Nani anayeifahamu Shinyanga asiyesikia kwamba binti mweupe “hutoza” ng'ombe wengi kuliko mwenzake mweusi? Jamii inayopanga bei kwa rangi ya ngozi haina haki ya kukasirika inapoambiwa kwamba inauza. Lakini mjomba yule alikuwa akisema jambo jingine, na ndilo ninalotaka tulitafakari.

Wasukuma hutofautisha ndoa ya kukwa, yaani iliyotolewa mahari, na muungano usio na mahari. Tofauti hiyo haikuwa ya heshima tu. Aliyekwa alipata haki juu ya watoto, wakahesabiwa kwa ukoo wake. Ambaye hakukwa, watoto walibaki kwa upande wa mama mpaka awakomboe. Ng'ombe wenyewe hawakutoka zizi moja wala hawakuingia zizi moja. Kijana alichangiwa na baba na ndugu zake, mara nyingi kutokana na mahari ya dada yake mwenyewe; na kwa binti, upande wa baba na upande wa mama kila mmoja ulipata fungu lake. Kwa hiyo kila ng'ombe aliyeswagwa kutoka kijiji hiki hadi kile aliacha nyuma yake watu waliomjua kwa rangi na kwa pembe, wenye sababu ya kuuliza habari za ndoa ile hata baada ya miaka 20. Mahari ilikuwa mkataba uliotembea kwa miguu minne mchana kweupe, na kila aliyeuona akawa shahidi.

Nisieleweke kwamba naisifu enzi hiyo. Mashahidi wale waliilinda ndoa, hawakumlinda mwanamke. Binti aliyepigwa na kukimbilia kwao alirudishwa, kwani kumpokea kulimaanisha kurejesha ng'ombe, na ng'ombe walikwisha kumwolea kaka yake. Hesabu ya kurejesha ilipunguzwa kwa kuangalia watoto aliozaa, kana kwamba kila uzazi ni awamu ya deni. Anayetetea mila bila kulitaja hili anawahadaa wasomaji wake.

Sasa imekuja dhahabu. Kuanzia Kakola hadi Nyarugusu na Rwamgasa, vijana huhama na uvumi: leo duara hili, kesho machimbo mapya ambayo hata jina halijatulia. Fedha hupatikana kwa ghafla, na mwenye fedha ya ghafla hahitaji baba wala baba mdogo wa kumchangia. Asiyechangiwa na mtu hana wa kumwajibisha. Wapo wengi zaidi ambao hawatoi chochote. Huishi na mama lishe au binti anayefanya kazi kwenye mialo, wakaitana mume na mke, wakazaa, mpaka siku mawe yanapokwisha.

Ndoa niliyoishuhudia iliishia huko. Mume alihamia machimbo mengine, mke akarudi kwao na watoto wawili. Wazee walipokutana, upande mmoja ulisema mahari ilitimia, upande wa pili ukasema zilifika fedha za ng'ombe sita tu, zilizosalia zilikuwa mkopo. Simu iliyopokea ujumbe ilikwisha kuharibika. Walibishana tangu asubuhi hadi saa kumi. Kuhusu chakula na ada za wale watoto wawili, sikumsikia mtu akiuliza, na mama yao, aliyekuwa ameketi kizingitini, hakuulizwa lolote.

Sheria haikukosa la kusema. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatamka katika kifungu cha 41 kwamba kutotimizwa kwa mila za mahari hakuibatilishi ndoa. Kifungu cha 160 kinaruhusu waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi, wakajulikana kuwa mume na mke, wachukuliwe kuwa walioana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na hata ikithibitishwa, mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Ni kifungu kinachofaa sana katika machimbo, na katika machimbo ndiko kisikojulikana.

Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 13, ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 wakati mvulana anasubiri 18. Mahakama Kuu iliona mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, kwamba hilo ni kinyume cha Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Mwaka umezaa miaka. Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, anayemwoa mwanafunzi akawekewa kifungo cha miaka 30. Ni vizuri. Lakini msichana aliyemaliza darasa la saba na hakuendelea si mwanafunzi tena, na huyo ndiye hasa anayetakiwa na mwenye fedha ya ghafla. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa asilimia 59 ya wanawake wa Shinyanga wenye umri wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza 18, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote. Mwaka 2012 mkoa uligawanywa, Simiyu ikazaliwa na sehemu nyingine ikaenda Geita. Takwimu ikapoteza anuani, wasichana hawakupungua kwa kugawanywa.

Kwa hiyo kwa wanaotaka kufuta mahari kwa tamko nasema: mtafuta ng'ombe, na ng'ombe wanakwisha wenyewe. Kinachotakiwa ni kurudisha mashahidi, ila safari hii wamshuhudie mwanamke. Sheria inawataka walioana kimila kuomba usajili ndani ya siku 30. Msajili yuko wilayani, dirisha moja, na nauli ya pikipiki kutoka Rwamgasa kwenda na kurudi si ndogo. Watendaji wa kata wangeweza kupewa daftari na kwenda nalo kwenye kikao cha mahari, wakaandika jina la binti, umri wake kwa cheti, ridhaa yake aliyoitamka mwenyewe bila mjomba kumsemea, na kiasi kilichotolewa, kiwe ng'ombe au fedha ya simu. Na iandikwe katika sheria kwamba mahari hairejeshwi kama sharti la mwanamke kuachwa huru. Wazee wa kijiji kile watapinga hilo la mwisho, najua, akiwamo mjomba.