Foleni Ndefu Si Ridhaa

Katika majuma machache ya Aprili na Mei 2019, zaidi ya watu milioni 35 nchini Kenya walisajiliwa kwa ajili ya Huduma Namba, mfumo wa serikali wa kumpa kila mtu namba moja ya utambulisho. Serikali ilizichukua foleni zile kuwa ushahidi kwamba umma umeridhia. Lakini raia walikuwa wamekwisha kusikia kwamba asiye na namba angekosa huduma, na ingawa Mahakama Kuu ilipiga marufuku shuruti hiyo kabla usajili haujaanza, hofu haiondoki kwa amri ya jaji. Anayechelea kunyimwa pasipoti atatoa alama za vidole. Hajaridhia kila jambo zitakalofanyiwa.

Wala walioishtaki serikali hawakuwa maadui wa kitambulisho. Mlalamikaji mkuu alikuwa Nubian Rights Forum, sauti ya jamii ya Wanubi, ambayo vijana wake kwa miaka mingi walipigwa msasa kabla ya kupewa kadi ambayo wenzao waliipata bila maswali. Walichopinga ni mfumo uliotangulia sheria: usajili ulianza Aprili, Sheria ya Kulinda Data ikatiwa saini Novemba. Januari 2020 majaji walibatilisha ukusanyaji wa DNA na vipimo vya GPS, wakaruhusu mengine kwa sharti la kanuni madhubuti. Oktoba 2021 utoaji wa kadi za Huduma Namba nao ulitangazwa haramu, kwa kuwa athari zake kwa faragha hazikuwa zimetathminiwa.

Wapo wanaouliza: mbona tunazipa kampuni za simu na za mikopo taarifa zetu bila kelele? Lakini laini ya simu hubadilishwa, kidole hakibadilishwi, na kampuni haina polisi wala magereza. Wengine husema asiye na hatia hana la kuficha. Lakini enzi ya ukoloni, Mwafrika aliyebeba kipande chenye alama za vidole hakuwa mhalifu; kilimnasa kwa kosa la kumtoroka mwajiri. Hatia huamuliwa na mwenye daftari.

Maisha Namba, iliyoirithi Huduma Namba mwaka 2023, nayo imesimamishwa mahakamani zaidi ya mara moja. Kuruka hatua za kisheria kumeichelewesha serikali kuliko ambavyo kuzifuata kungeichelewesha. Tathmini itangazwe kabla ya usajili, kila ofisi ione inachohitaji tu, na raia aweze kujua nani amefungua faili lake. Hapo ndipo wingi wa waliojisajili utakapoweza kuitwa ridhaa.